Jiwe la Vifungo vya Kahawia

2 Februari 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu ukanijibu habari za mvua, kwa hiyo naona heri kalamu.

Huku wote wazima. Mke wangu amepewa darasa la tano, watoto hamsini na wawili, anarudi jioni sauti imekauka. Binti yetu, ambaye siku hizi tunamwita Kidomo na ukimsikia dakika mbili utajua kwa nini, ameng'oka jino la mbele na anataka kila mgeni alione pengo. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Sisemi kwamba anakusalimu, maana utajua naongopa.

Sasa kilichonifanya nikae kuandika. Daktari mmoja wa meno, mteja wangu wa siku nyingi, amehama na kuniachia tangi lake la samaki wa maji ya chumvi. Ni la kioo, linaingia lita mia mbili. Nilipoliona nilikumbuka lile jumba la samaki ulikofanya kazi, ulivyokuwa ukinibeba begani nione wale wa juu, na baba akiwa chini anapiga misumari kwenye mabenchi yenu. Nikalileta nyumbani siku hiyo hiyo. Nimeliweka juu ya kabati la vitabu la mke wangu, chini ya dirisha la sebuleni, ili jua liwamulike.

Jumamosi asubuhi nilijaza maji ya bomba, nikakoroga ile chumvi maalumu, na mchana nikatia samaki saba. Walipendeza, Shangazi. Jumatatu wanne walikuwa wanaelea. Maji ni meupe kabisa, unaona mpaka ukutani. Nimekosea wapi?

Mama alisimama mbele ya tangi akasema maneno matatu tu: "Kama shangazi yako." Akaenda zake jikoni.

Mwanao,
Fundi Saa


16 Februari 1997

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Mguu haujambo, na mvua pia haijambo, usinicheke. Nimefurahi kusikia habari za mke wako na huyo Kidomo. Mwambie pengo nimeliona kutoka huku.

Haya, umeniuliza umekosea wapi. Ni afadhali ungeniuliza umepatia wapi, barua ingekuwa fupi. Wewe unaweza kukaa kutwa nzima umeinamia saa ya mkononi, umeshika pumzi usipeperushe springi, halafu maji unashindwa kuyasubiri?

Maji mapya hayana uhai. Uchafu wa samaki unageuka sumu, na vinavyoila sumu hiyo ni vijidudu ambavyo huchukua wiki nne, tano, hata sita kuzaliana ndani ya mchanga na mawe. Wewe ulisubiri muda wa saa nne tu. Ulipoona maji meupe ukadhani ni salama, kumbe yalikuwa yanawaua huku yanameremeta. Na hayo ya bomba yana klorini. Yatibu kwanza, ndipo ukoroge chumvi kwenye ndoo siku moja kabla, si ndani ya tangi. Liondoe dirishani, jua litakuletea ukungu wa kijani. Liondoe juu ya kabati, maana hilo tangi likijaa lina uzito wa watu watatu wazima, na vitabu havikuumbiwa kazi hiyo. Na waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Waliobaki usiwaongezee mwenzao hata mmoja.

Jambo la mwisho. Wauzaji wana tabia ya kumpa mteja mpya jiwe la bahari lenye vitu vilivyoota juu yake. Ukiona lenye vitu kama vifungo vya kahawia vilivyobanana, usilichukue. Kama umeshalichukua, usiliguse.

Msalimie mama yako hata kama hataitika.

Shangazi yako


9 Machi 1997

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, ilinifikia juzi, na wakati inatembea mimi nami nilikuwa natembea.

Nyumbani salama. Mke wangu amenuna kidogo kwa sababu kabati lake lilipinda kama ulivyosema. Sasa tangi lipo juu ya meza ya chuma niliyotengenezesha. Mama anakohoa kwa vumbi la kiangazi, si kitu.

Nitakuambia yote, usinigombeze. Wale wanne walipokufa nilinunua wengine watano. Wiki ya pili walianza kuhema juu juu, midomo nje ya maji. Muuzaji akanipa dawa ya kupimia. Rangi iliyotoka ilikuwa ya kijani kibichi, hata yeye akaguna. Wawili wamebaki. Halafu maji yalikuwa yanapungua kila siku, nami najazia kwa maji ya chumvi, chumvi ikapanda mpaka kipimo kikagota. Sasa sijui kama nimefuga samaki au nimekausha wa kuhifadhi.

Na lile jiwe unalonionya, nilikuwa nimeshalipata. Muuzaji alinipa bure kama pole. Vifungo vyake vikifunguka vinakuwa kama maua madogo, na Kidomo amevipenda kuliko samaki. Kwa nini nisiliguse? Hukusema.

Kuna jingine, na kama si mahali pake nisamehe. Nilimuuliza Mama kwa nini uliacha kazi kwenye lile jumba, na kwa nini uliondoka mjini siku chache tu baada ya kumzika baba, hata wageni hawajaisha. Alinijibu, "Muulize mwenyewe." Nakuuliza.

Fundi


25 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia mko salama. Huku jirani yangu muuguzi amehamia mlango wa pili, anakuja kunipima presha na kunywa chai yangu, sijui kipi kinamleta hasa.

Kuhusu maji: yanayopaa ni maji matupu, chumvi haipai. Kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi, yaliyotibiwa, kidogo kidogo kila siku. Punguza chumvi taratibu kwa muda wa wiki, usiiteremshe kwa siku moja. Lisha kidogo, chakula kikifika chini umezidisha. Badilisha maji sehemu moja ya kumi kila wiki na uandike vipimo kwenye daftari.

Jiwe liache lilipo. Usilikwangue, usilitoe, usilichemshe. Mtoto asitie mkono. Ninalijua, na ninapokuambia acha, acha.

Kazi niliiacha kwa sababu nilichoka.

Shangazi yako


22 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, mkono unatetemeka kidogo. Ni mafua tu.

Maji yamekaa sawa hatimaye. Vipimo vinapendeza, nina daftari kama ulivyosema, samaki wawili wananenepa. Ningekuandikia barua ya furaha kama si vile vifungo. Vimetambaa kutoka kwenye lile jiwe mpaka kwenye mawe mengine mawili makubwa, vinafunika kila kitu. Nilimuuliza muuzaji. Akasema kila mtu anajua dawa yake: toa jiwe, limwagie maji yanayochemka, vinakufa papo hapo.

Najua ulisema nisichemshe. Lakini Shangazi, ulisema pia uliacha kazi kwa sababu ya kuchoka, na sikuamini. Nikaona hata hili la jiwe ni woga wako tu.

Jumapili nilitoa lile dogo, nikaliweka kwenye sinki, nikalimwagia birika zima. Lilitoa povu na harufu mbaya ya pwani iliyooza. Mama alikuwa mezani anachambua mboga. Mke wangu na Kidomo walikuwa kwa shemeji yangu. Jioni mimi na Mama tukaanza kutetemeka kwa baridi, kifua kinabana, na mdomoni ladha kama tumenyonya misumari. Mimi siku ya pili nikaanza kupata nafuu.

Mama amelazwa tangu jana. Ni nimonia, daktari amesema, na kwa umri wake wanataka kumtazama kwa karibu. Wanategemea kumruhusu Jumamosi ya tarehe 3 Mei. Sikutaka kukutia wasiwasi, ndiyo maana nimeiweka habari hii chini.

Yale mawe mawili makubwa nimeyatoa, yamo kwenye beseni la maji hapo jikoni. Nitayamaliza Jumamosi hiyo hiyo asubuhi kabla hatujaenda kumchukua Mama, ili arudi akute nyumba safi.

Fundi


TELEGRAMU
2 Mei 1997

USICHEMSHE MAWE. YANA SUMU, MVUKE WAKE UNAUA. FUNGUA MADIRISHA, TOA WATU WOTE NYUMBANI. MAMA ASIRUDI HAPO. MWAMBIE DAKTARI AMEVUTA SUMU YA JIWE LA BAHARI. MUUGUZI JIRANI YANGU ANAPIGA SIMU HOSPITALI SASA. BARUA INAFUATA. SHANGAZI


2 Mei 1997

Mwanangu,

Barua yako nimeipokea leo asubuhi. Simu yenu nimeipiga mara nne haiingii, kwa hiyo nimetoka posta, nimepeleka telegramu, nimemwacha jirani yangu anapigania laini ya simu ya hospitali yenu. Sijui kama telegramu itafika kabla ya birika lako. Naandika kwa sababu nisipoandika sasa sitaandika tena.

Kwanza la kufanya. Mawe yabaki ndani ya maji, yasikauke. Vaa glavu na miwani, funga kitambaa puani, beba beseni lote nje mahali penye upepo. Mimina dawa ya klorini ya kufulia, nyingi, acha siku mbili, kisha zika. Sinki lioshwe kwa dawa hiyo hiyo huku madirisha yako wazi. Kidomo asirudi mpaka yaishe.

Sasa la pili.

Mwaka 1978 jumba letu lilipokea mawe yaliyojaa vifungo hivyo. Mkubwa wetu alitaka yasafishwe kabla ya wageni wa wiki ile. Nilikuwa na chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo, na humo ndani baba yako alikuwa ananitengenezea rafu. Nilichemsha maji, nikamwagia mawe mawili. Mara nikaitwa mlangoni kupokea mzigo. Nikamwambia, "Kaka, nimalizie haya, birika hilo hapo." Akasema, "Umenigeuza mpishi." Nikacheka nikatoka.

Niliporudi chumba kilikuwa kimejaa mvuke, naye anakohoa. Akaniambia mdomo una ladha ya chuma. Unajua maseremala walivyo, misumari wanaishika kwa meno. Nikamjibu, "Utaacha lini kula misumari?" Tukacheka wote wawili. Mimi nami nilitetemeka usiku ule, lakini nilikuwa nimeuvuta mvuke kidogo tu. Yeye siku ya tatu akafa. Hospitali waliandika nimonia.

Siku ya tatu baada ya maziko alikuja mtaalamu wa kutupimia maji. Nilimsimulia kama mtu anayesimulia habari za wengine. Akaniambia mvuke wa vifungo hivyo ni sumu, akaniuliza nani alimwambia achemshe. Siku ya tano nikafunga mzigo. Nisingeweza kukaa mkekani na mama yako, ananishika mkono, ananiambia pole ya kufiwa na kaka.

Februari niliandika "usiliguse" nikaiacha hapo. Machi ukaniuliza kwa nini, uliniuliza waziwazi. Nilikaa na karatasi siku mbili. Mistari mitatu ingetosha. Lakini mistari hiyo ingeishia kwa baba yako, nami nikaona nikikuamuru kwa ukali utatii. Nilijilinda mimi nikamwacha wifi yangu mezani na mboga zake.

Uifanye barua hii utakavyo.

Shangazi yako


20 Julai 1997

Shangazi,

Shikamoo.

Umekaa wiki nyingi bila kusikia neno langu. Nilikusudia. Baadaye nilitaka kuandika nikakatazwa.

Telegramu ilifika Jumamosi saa nne asubuhi. Sufuria mbili zilikuwa jikoni zimeanza kutoa mvuke, mawe yameshawekwa kwenye sinki. Kidomo alikuwa amepanda kistuli, anataka kuona maua yanavyooga. Mke wangu alipokea ile karatasi mlangoni, akaisoma akiwa amesimama pale pale, kisha akaja jikoni akazima jiko. Akambeba mtoto akatoka naye. Nilibaki natazama zile sufuria mpaka zilipoacha kuchemka.

Tulihamia kwa shemeji siku kumi. Barua yako ilipofika niliyatoa mawe kama ulivyoelekeza, neno kwa neno, safari hii.

Hospitali nilimkuta Mama amevaa, mkoba umefungwa, ananisubiri. Daktari ndiyo kwanza alikuwa amepigiwa simu na yule jirani yako, laini ilisumbua tangu jana yake. Daktari mwenyewe ni dada mdogo mdogo hivi, nilidhani atanicheka. Aliisoma telegramu mara mbili, akaniuliza jiwe lilikuwa na rangi gani, nilimwaga maji kiasi gani, chumba kina ukubwa gani. Akamwambia Mama avue viatu arudi kitandani. Alikaa siku kumi na sita zaidi. Usiku wa tatu walituita, tukadhani ndiyo basi. Hapa sitii chumvi. Sasa yuko nyumbani, anakula, anatembea. Ngazi hawezi kuzipanda bila kupumzika mara mbili, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo.

Barua yako nilihimizwa na mteja kuifungua. Nilikuwa na saa yake wazi mbele yangu, akaniambia, "Fundi, soma kwanza, naona unaitazama bahasha." Nilisoma. Nikamrudishia saa yake haijatengenezwa nikafunga duka.

Nilikuchukia, nisiseme uongo. Nilitaka kuichana. Lakini na mimi sina pa kujificha. Uliniandikia mara mbili nisiguse, kwa maandishi, nikaona najua zaidi kwa sababu muuzaji ameniambia nilichotaka kusikia. Birika nililishika mimi. Hilo nimemwambia Mama kwanza, kabla ya lako.

Lako nilikaa nalo mpaka Juni. Siku moja mchana tulikuwa wawili tu kibarazani, nikamsomea yote.

Akaniuliza, "Kwa hiyo haikuwa baridi?"

Sikumwelewa. Akasema, "Asubuhi ile tuligombana. Alitaka koti lake, nilikuwa nimelilowesha bila kumwambia. Alikuwa nalo moja. Nikamwambia nenda hivyo hivyo, hutayeyuka. Mvua ilimnyeshea. Daktari aliposema kifua, nikajua ni mimi."

Shangazi, miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumsikia akilitaja hilo koti. Nilidhani anakuchukia kwa kuondoka mapema, kumbe alikuwa na lake, na aliona wewe umeondoka kwa kuwa umejua ni yeye aliyemuua kaka yako. Hivyo ndivyo alivyoamini. Kwamba ulishindwa kumtazama.

Baada ya hapo alilia, kisha akakasirika, na hasira yake imechukua wiki sita. Alinikataza kukuandikia. Kila jioni anapata swali jipya. Mara aniulize chumba kilikuwa na mlango upande gani. Mara aseme hataki kusikia jina lako. Mke wangu anasema tumwache, ila ananiona mimi nami nazunguka nyumbani kama mshale wa saa uliolegea.

Jana ameniita. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatoa, alinisimamia: "Mwambie sijamsamehe, asije na kanga mkononi akidhani ni sherehe. Mwambie barua haitoshi. Nataka aje akae mbele yangu, aniambie siku ile tangu kaka yake alipoingia kazini mpaka alipotoka. Kila alichosema, hata kama ni upuuzi. Hizo ni saa za mume wangu ambazo sina, anazo yeye."

Tangi nimelimwaga. Samaki wawili nimempa mwalimu mmoja anayejua kazi hiyo. Muuzaji nilikwenda kumweleza, akaniambia hajawahi kusikia. Nikamlazimisha kuyatoa mawe yake yote ya namna hiyo dirishani mbele yangu, tukagombana hadi watu wakajaa. Ameyatoa.

Sijui nikuombe uje au nikuombe usije. Nimefikisha ujumbe.

Fundi


1 Agosti 1997

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Nashukuru kwa kila neno, hasa yale uliyoyaandika ukiwa na hasira. Mshukuru mke wako kwa kuzima jiko.

Sikujua habari za koti. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, kisha nimempa jirani yangu aisome, nione kama na yeye anasoma ninachosoma. Nilikimbia nikidhani najificha mimi mwenyewe, kumbe niliyemwachia mzigo ni yeye. Kwa hilo sina maneno, wala sitayatafuta njiani.

Mwambie wifi yangu yafuatayo, usipunguze: Kaka aliingia chumba kile saa mbili asubuhi, akiwa amelowa, akaomba taulo. Alipokuwa anajifuta alisema, "Leo nimegombana na wifi yako kwa ajili ya koti, na kosa ni langu, nilimwahidi kununua la pili tangu mwaka jana." Ndiyo maana nilipoliona neno koti katika barua yako nililazimika kukaa. Nilikuwa nayo maneno hayo miaka yote hii na sikujua yana mwenyewe.

Yako mengine mengi. Hayo nitayaleta.

Nitafika Jumamosi ya tarehe 16, basi la asubuhi. Usije stendi kunipokea, wala mke wako asipike. Nitakuja kwa miguu yangu nibishe, na ningependa afungue yeye. Akinisimamisha mlangoni, nitamsimulia nikiwa nimesimama.

Shangazi yako